Upepo Nyuma ya Mabomba

Trei za kahawa ndizo zilizomfanya Inspekta Joska Akidi asimame.

Alikuwa amerudi kiwandani asubuhi ile ya pili bila kumwambia mtu ila Koplo Otim, msaidizi wake, akitaka kuiona tena njia ya upepo maiti ikiwa imeshaondolewa. Njia yenyewe ilikuwa ukumbi mrefu wa matofali, mwembamba kama kichochoro. Upande wa ziwani lilikuwapo feni kubwa, urefu wa mtu mzima, lililovuta hewa ya bandari ya Port Bell na kuisukuma ndani. Katikati ya ukumbi palisimama safu za mabomba ya chuma, kutoka sakafuni hadi darini. Zamani mvuke ulipita humo, hewa ikapata moto, kahawa ikakauka upesi. Lakini tangu Wahindi wenye kiwanda walipofukuzwa nchini na mafuta ya dizeli kuadimika, tanuri lilikuwa limezimwa. Mabomba yalikaa baridi, na kahawa ilikaushwa kwa upepo mtupu.

Trei zilipangwa kwenye vichanja mbele ya mabomba na nyuma yake. Wafanyakazi walizijaza zote mchana ule ule wa kabla ya mauaji, kwa kahawa ya shehena moja, na tangu mauaji hakuna aliyezigusa. Joska alichota konzi ya buni kutoka mbele akazibonyeza kwa ukucha. Bado zilikuwa na unyevu. Akazunguka nyuma ya mabomba, akachota nyingine. Zilikuwa kavu, ngumu kama kokoto.

Alirudia kwenye trei nyingine, na nyingine tena. Ilikuwa hivyo hivyo kote. Feni ni moja, upepo ni mmoja, lakini nyuma ya mabomba upepo ule ulikuwa umefanya kazi zaidi.

Na nyuma ya mabomba ndipo alipolala Emile.

Emile alikuwa fundi mitambo, Mkongo mwembamba wa makamo, aliyebaki kiwandani wakati mafundi wengine wote walipoondoka. Alikutwa asubuhi iliyotangulia, kifudifudi, kisogo kimepasuliwa. Damu ilikuwa pale pale chini ya kichwa chake na si mahali pengine, kwa hiyo Joska hakuwa na shaka kwamba aliuawa pale pale. Daktari Okullo, daktari wa polisi, alifika baadaye kidogo, akapima joto la mwili, akaangalia feni likizunguka, akapiga hesabu. Alisema marehemu alikufa jana yake, jua linapozama. Feni lilikuwa limewashwa mchana kutwa na usiku kucha, naye alisema upepo huo ameuingiza katika hesabu yake.

Kauli hiyo ilimkaba mtu mmoja tu. Erinayo, mtunza stoo, alibaki na Emile peke yake jioni ile. Wanawake wa kuchambua kahawa waliwasikia wakigombana walipokuwa wakitoka. Muda mfupi baadaye Erinayo naye alitoka, akaenda hospitali ya Mengo, ambako mkewe alikuwa katika uchungu wa kuzaa. Alikaa huko mpaka asubuhi, na wauguzi wote walimwona.

Meneja wa kiwanda alikuwa kapteni wa jeshi, aliyepewa kiwanda kama wenzake walivyopewa maduka na majumba. Yeye mwenyewe alikuwa ametoa maelezo yake mbele ya Joska na daktari, bila kuulizwa mara mbili.

"Mimi nilikuwa hapa usiku yote na watu yangu, tunapakia lori," alisema. "Saa sita mpaka karibu asubuhi. Hakuna mutu ingine iliingia. Huyo Mukongo alikuwa amekufa zamani, sisi hatukujua tu. Erinayo ndiyo iliua. Kesho jioni nitakuja kumuchukua."

Hakusema atampeleka wapi. Katika Kampala ya mwaka ule hakuna aliyehitaji kuambiwa. Waliochukuliwa hivyo hawakufikishwa mahakamani, na jamaa zao walichoka kuulizia.

Joska alizima taa ya ukumbi, akatoka.

Kabla ya kwenda popote alipita kituoni, akakaa na Erinayo katika chumba cha mahabusu. Alikuwa Mganda wa miaka thelathini na kitu, shati limepoteza vifungo, jicho moja limevimba kwa kazi ya askari waliomkamata. Joska alimuuliza ugomvi ulihusu nini. Erinayo akasema ni mambo ya kazi. Akamuuliza kazi gani. Akajibu, ya stoo tu. Akamuuliza kama alimwacha Emile hai.

"Nyabo, nilimuacha anasimama," alisema Erinayo, akimwita bibi kwa Kiganda. "Alivaa sweta, anasema upepo inamuumiza kifua. Aliniambia, nenda uone mutoto."

"Umemwona?"

"Bado. Alizaliwa asubuhi. Askari walinichukua kwa mulango."

Joska hakuuliza zaidi. Alimwagiza Otim ampelekee chai, kisha akapanda kilima cha chuo kikuu.

Dakta Mansur Maftah alifundisha uhandisi. Ukoo wake uliingia Kampala na misafara ya biashara tangu enzi za mababu, na nyumbani kwao Kiswahili kilizungumzwa vile vile kilivyotoka pwani. Wenzake wengi walikuwa wameshavuka mpaka. Maabara yake ilikuwa na meza tupu nyingi kuliko wanafunzi. Joska alimfahamu kwa sababu mwaka uliopita alimsaidia kueleza jinsi moto ulivyopanda ngazi za ghala moja. Akamsimulia habari za trei, mabomba na maiti. Mansur alisikiliza hadi mwisho, kisha akamwongoza kwenye sanduku refu la mbao lililokuwa na kioo ubavuni na feni dogo kichwani.

Ndani ya sanduku aliweka bomba fupi la shaba, akalijaza maji ya moto, akatumbukiza kipimajoto. Akawasha udi, akauweka mdomoni mwa sanduku, halafu akawasha feni. Moshi uliingia kama uzi mmoja ulionyooka. Ulipofika kwenye bomba ukagawanyika, ukalizunguka kwa upole, ukaendelea. Wakatazama kipimajoto kikishuka.

"Kila kitu chenye joto kikikaa hewani hujivika shuka, dada," alisema Mansur. "Hewa iliyogusana na ngozi hunata, haiendi na wenziwe. Joto likitaka kutoka, sharti lipenye shuka hilo. Upepo uliotulia hulipunguza unene, lakini hulipitia juu juu tu. Daktari wako amehesabu upepo wa namna hii, kama wa dirishani."

Alimwaga maji, akajaza mengine ya moto ule ule. Safari hii aliweka mbele ya bomba kipande cha wavu wa kufugia kuku. Feni hakuligusa. Moshi uliingia ukiwa uzi, lakini ulipopita kwenye wavu ulichanika, ukawa vipande vinavyojiviringisha na kugongana, na vipande hivyo vikalivamia bomba kila upande, hata mgongoni, mahali ambapo moshi wa kwanza haukufika.

Joska aliangalia kipimajoto. Hakuhitaji kuelezwa. Zebaki ilishuka upesi kuliko mwanzo, na haikuwa tofauti ya kubahatisha.

"Upepo ni kasi ile ile," alisema Mansur. "Kilichobadilika ni kwamba umevurugika. Ukivurugika, unalirarua lile shuka. Hewa iliyokwisha kupata joto inang'olewa, baridi inaletwa mahali pake, tena na tena. Na mabomba yako ya kiwandani ni wavu mkubwa. Nyuma yake upepo hauna utulivu hata kidogo."

"Kwa hiyo Emile alipoa upesi kuliko hesabu ya daktari."

"Naamini hivyo. Ila sitaapa mbele ya hakimu kwa bomba la shaba. Mtu ana nyama, ana mafuta, ana nguo. Joto lake hutoka ndani polepole. Ningetaka kitu kinachofanana na mtu."

Joska alifikiri kidogo. "Nguruwe," alisema.

Mansur alikohoa, akavua miwani, akaifuta. Joska akamwambia haraka kwamba hatamlazimisha kumgusa. Mansur alicheka kwa mara ya kwanza siku ile.

"Mimi nitashika saa na kupima upepo," alisema. "Nguruwe ni wako na daktari."

Kwa bahati kulikuwa na mchinjaji mmoja Luzira aliyewauzia askari magereza nyama, na asubuhi ile alikuwa na nguruwe wawili wa ukubwa mmoja ambao hajawachinja. Alichinja mbele ya Joska, akakataa katakata kuwaachilia, akidai nyama itaharibika. Joska alimweleza kwamba inakwenda kupozwa, si kuchomwa. Mwishowe mchinjaji alikubali kwa sharti kwamba atakuja nayo mwenyewe na hataondoka mpaka airudishe. Kapteni alikuwa mjini, na askari wa lango, waliposikia neno polisi na kuona nguruwe wamevalishwa ovaroli za kiwanda, walishindwa kuzuia, wakabaki kucheka.

Joska alimpigia simu Daktari Okullo. Alidhani atakasirika. Okullo alikuwa mzee mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Madaktari wenzake wawili walikuwa wamekimbia na wa tatu hajulikani aliko, na kila maiti ya jiji ilimngoja yeye. Alikuja amebeba kipimajoto chake mwenyewe, akasema hataki kusomewa na mtu.

Nguruwe mmoja alilazwa mbele ya mabomba, wa pili nyuma, mahali pale pale alipokuwa Emile, wote kifudifudi. Otim aliwasha feni. Mansur alizunguka na kifaa chake kidogo chenye mabawa, akapima kasi mbele na nyuma, akatangaza kwamba kwa wastani zinalingana. Kisha wakangoja. Mchinjaji aliketi juu ya ndoo, akawa anawaeleza wanawake wa kuchambua kahawa, waliokusanyika mlangoni, kwamba serikali inatafuta muuaji kwa kutumia mali yake. Kabla ya adhuhuri habari hiyo ilikuwa imefika bandarini na kurudi.

Okullo alipima, akangoja, akapima tena. Mara ya tatu alibaki amechuchumaa kando ya nguruwe wa nyuma, kipimajoto mkononi. Joska alimsogelea.

"Yule wa mbele anapoa kama vitabu vyangu vinavyosema," alisema Okullo. "Huyu anapoa mara moja na nusu ya hapo. Nilifikiri upepo ni upepo."

"Na Emile alikuwa mwembamba, Daktari."

"Najua. Ningepaswa kulifikiria hilo pia." Alisimama kwa shida, akishika kiuno. Alipiga hesabu kwa mdomo, midomo ikitikisika. "Hakufa jioni, Joska. Alikufa usiku wa manane, au baada yake. Kabla ya hapo haiwezekani."

Otim alikuwa kijana mwepesi wa kuelewa. Alimtazama Joska, kisha akautazama mlango wa kupakilia malori, uliokuwa mkabala na njia ya upepo, wazi kiasi kwamba mtu aliyesimama nyuma ya mabomba angeona kila gunia linalotoka. Usiku wa manane Erinayo alikuwa Mengo, katikati ya wauguzi. Waliokuwa kiwandani walikuwa watu wa Kapteni, na Kapteni mwenyewe alisema hakuna mwingine aliyeingia. Alikuwa amejifungia ndani ya kesi kwa mdomo wake mwenyewe, akidhani yuko nje yake.

Otim akafungua kinywa. Joska akamkatisha kwa kutikisa kichwa.

"Twende kituoni," alisema. "Erinayo atoke kabla ya jua kushuka."

Alitoka hivyo. Joska alimwombea Otim gari la kituo, wakampitisha Erinayo mlango wa nyuma kuelekea Mengo. Mansur alikwenda nao. Alisema ndugu zake wana lori la bidhaa linalotoka usiku ule kwenda Busia, mpakani mwa Kenya, na nafasi ya mtu na mkewe na kichanga haikosekani.

Jua lilikuwa limeegemea vilima Kapteni alipofika kituoni na askari watatu. Alimkuta Joska mezani na Daktari Okullo kwenye kiti cha pembeni. Joska alikuwa amemsihi daktari aende nyumbani, naye akakataa.

Kapteni aliuliza mtu wake yuko wapi. Joska akamjibu kwamba ameachiliwa, kwa sababu saa ya kifo imebadilika. Kapteni akauliza nani ameibadilisha.

"Mimi, Afande," alisema Okullo, kwa Kiswahili cha askari. "Nilikosea. Lile kosa ni langu, si la Inspekta. Mutu alikufa usiku wa manane. Upepo wa mabomba ulimupoza haraka."

Kapteni alitaka kucheka, kisha Joska akaona lile neno, usiku wa manane, likimwingia. Uso wake haukubadilika sana. Macho tu ndiyo yaliyotulia.

"Nani inajua hii?" aliuliza.

"Daktari. Mwalimu wa chuo kikuu. Askari wako wa lango. Wanawake wa kiwanda," alisema Joska. "Na muchinjaji wa Luzira. Huyo sasa pengine ameambia magereza yote."

Kapteni akageukia mlango, kisha akamrudia Joska.

"Wewe iko na watoto, mama?"

"Ninao, Afande."

"Ujali hao."

Aliondoka na askari wake. Hakumkamata mtu, wala hakukamatwa. Mwezi uliofuata alihamishiwa kambi ya mbali, na kahawa ikaendelea kupotea chini ya meneja mwingine. Joska aliandika kwenye jalada mambo aliyoyaona na kuyapima, akalipeleka makao makuu, na huko likakaa. Lakini hayo ni ya baadaye. Jioni ile alichukua kofia yake, akamuaga Okullo, akatoka.

Alifika Mengo mwanga ukiwa bado upo. Erinayo alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya wodi, mtoto amelala mapajani mwake ndani ya kitenge. Mansur alisimama kando, akimngoja kwa subira. Mke wa Erinayo, aliyekuwa bado dhaifu, alikuwa akikusanya vitu vyake vichache ndani ya kapu. Mansur alimweleza Joska kwa sauti ya chini kwamba Erinayo hataki kuondoka.

Joska aliketi kwenye benchi. Alimwambia Erinayo kwamba Kapteni leo ameshikwa na mshangao, lakini mshangao hauishi siku mbili. Akamweleza pia, kwa kifupi, jinsi upepo ulivyomtoa, na habari za mabomba na nguruwe. Erinayo alisikiliza kama mtu anayesikia mambo ya nchi nyingine. Joska alipomaliza, Erinayo alifunika uso kwa kiganja kimoja, akalia bila sauti, mkono wa pili ukiwa umemshika mtoto.

"Mumeniuliza mimi, mimi tu," alisema. "Hakuna mutu ameniuliza Emile alikuwa mutu gani."

"Niambie sasa," alisema Joska.

"Tuligombana kwa sababu alitaka kusema. Magunia. Kila wiki yanakwenda kwa ziwa, yanavuka. Emile alisema anaenda kusimama pale usiku, aone namba ya lori, halafu aje kwenu, polisi. Mimi nilimwambia anyamaze. Nilimwambia, wewe si wa hapa, hii kahawa si ya baba yako. Nilimutukana, nyabo. Halafu ananiambia, nenda uone mutoto."

Mansur aligeuza uso kuelekea uani. Mke wa Erinayo alikuwa ameacha kufungasha.

"Sasa nani atamuzika?" alisema Erinayo. "Hana dada, hana ndugu Kampala. Watamutupa. Mimi siendi Busia kabla Emile hajazikwa."

Joska aliwaza chumba cha maiti, na ile miili isiyo na mwenyewe iliyoondolewa kila Ijumaa kwa lori. Siku mbili zote alikuwa ameushika mwili wa Emile kama kitu chenye joto kiasi fulani, kilichopoa kwa kasi fulani. Hakuwa amejua hata kwamba Emile alisimama kule gizani nyuma ya mabomba ili amletee habari yeye, polisi.

"Nitamzika mimi," alisema. "Kesho asubuhi. Daktari atanipa mwili, hatakataa. Nitamtafuta padri anayejua Kifaransa."

"Na mimi nitakuwapo," alisema Mansur. "Sijui sala zenu, lakini jeneza najua kubeba."

Erinayo aliwatazama wote wawili kwa zamu, kama anayepima kama watu hawa wanaweza kuachiwa kitu.

"Alikuwa anaogopa baridi," alisema mwishowe. "Mumufunike na ile sweta yake. Iko kwa stoo, kwa msumari nyuma ya mulango. Ile aliyovaa ni yangu, nilimupa jioni, kwa sababu yake ilikuwa imelowa."

Joska alisema ataifuata. Erinayo akainuka, akampa mkewe mtoto, akalibeba kapu, na wote wakamfuata Mansur kuelekea barabarani.